Kifungu cha Saba

Makao Makuu ya Chuo
4 Februari

Kaka yangu,

Shikamoo, na pole na kazi. Najua utaanza kwa kulalamika kwamba sijaandika tangu mwaka uanze, kwa hiyo nakubali kosa kabla hujalalamika, tuendelee.

Nimepewa mzigo. Makamu Mkuu wa Chuo ameniweka niongoze kamati ya kuandika sera mpya ya walimu. Wakaguzi wamesema wahadhiri wetu wengi mno hawana shahada ya uzamivu, na tusipojirekebisha watatufutia masomo. Basi Seneti inataka sheria fupi isiyo na kona: kuanzia mwaka mpya wa masomo, asiye na uzamivu asiitwe mhadhiri. Ama akubali mkataba wa mwaka mmoja wa ualimu msaidizi, ama aage.

Ukiisoma haraka unaona ni haki tupu. Mimi pia niliiona hivyo, mpaka nilipokukumbuka wewe. Nikaongeza kifungu cha saba: aliyefundisha hapa miaka kumi na mitano au zaidi abaki na cheo chake mpaka astaafu. Sitakuficha, wakati nakiandika nilikuwa nakuona umesimama ubaoni, chaki mpaka kwenye nyusi.

Mkuu wa Kitivo cha Uhandisi ameshaanza kukipiga vita. Unamkumbuka, yule anayecheka kwanza ndipo aseme neno baya. Juzi kwenye ngazi akaniambia, "Dada, hicho kifungu chako ni mlango wa nyuma." Akacheka tena, akapanda zake.

Sasa niambie jambo moja, na uniambie kweli. Tasnifu yako imefika wapi? Mara ya mwisho ulisema umebakiza sura mbili, na hiyo ilikuwa kabla mimi sijawa Mkuu wa Kitivo cha Sayansi.

Msalimie wifi. Kwenye bahasha nimekuandika "Daktari Mtarajiwa" ili uone haya umalize.

Mdogo wako


Tawini
15 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Utani wako umenichelewesha. Karani wa mapokezi aliona neno "daktari" akaipeleka barua zahanati, ikakaa huko kwenye trei ya majibu ya maabara mpaka wifi yako alipoingia zamu akaiona. Ameileta nyumbani akisema majibu yangu yametoka, nina ugonjwa wa kusoma.

Huku tupo. Bado nashea ofisi na Mama wa Mimea, na bado anakausha majani yake kati ya magazeti juu ya meza yangu kwa sababu meza yake imejaa. Natafuta mtihani wa mwaka wa kwanza, napata jani la mgunga. Paa linavuja palepale pa zamani, juu ya kiti changu, nami nimeamua kwamba kiti ndicho kilichokosea. Darasa la mwaka wa kwanza limefurika mpaka madirishani. Kuna binti mmoja anabisha kila ninachoandika ubaoni. Nampenda sana. Siku moja atakuwa na haki.

Kuhusu tasnifu, nimebakiza sura moja, na hiyo ni ya kufungia mlango tu. Msimamizi wangu ameridhika. Kwa hiyo nitoe kwenye hesabu zako. Usiandike sheria ya chuo kizima huku unamtazama kaka yako. Wakijua, watakusema mpaka uzeeke.

Ila Mama wa Mimea ana uzamili tu, kama wengi huku, na umri wake si wa kuanza kubeba begi la shule. Zamani akifika asubuhi aliuliza, "Mdogo wako kasemaje?" Nikamwambia kuna kifungu cha saba. Sasa haulizi tena habari zangu wala za nyumbani. Anaweka mkoba chini, anasema, "Cha saba hajambo?" Namjibu hajambo, anakula vizuri.

Basi kilishe.

Kaka yako


Makao Makuu ya Chuo
9 Machi

Kaka,

Shikamoo. Nilicheka ofisini mpaka katibu wangu akafungua mlango kuangalia kuna nini. Mwambie Mama wa Mimea kwamba cha saba yu hai, ila hali si nzuri.

Jana Makamu Mkuu aliniita. Unaijua ile ofisi, yenye zulia mpaka mtu unaona haya kukanyaga. Uhandisi alikuwa ameshakaa. Makamu Mkuu akasema kwa upole wake, "Rasimu yako ni nzuri, ila inachechemea mguu mmoja." Nikajua ni mguu upi. Uhandisi akaeleza: wakaguzi wakikuta tumewasamehe wazee, watasema tumeandika sheria tukaitoboa wenyewe. Halafu akaweka mezani alichokuja nacho. Nikikubali cha saba kifutwe, yeye na wenzake wataunga mkono cha tisa, kile cha kuwapeleka wahadhiri vijana masomoni kwa mshahara kamili. Unajua nimekililia kile tangu nikiwa mkuu wa idara. Nikikataa, vyote viwili vitakwama.

Nikauliza cha saba kinawagusa watu wangapi. Akasema, "Kumi na wanne, chuo kizima. Wengi wako matawini." Vijana watakaokwenda masomoni ni zaidi ya arobaini. Unaona hesabu ilivyokaa.

Lakini mimi si jiwe. Ukiniambia humalizi mwaka huu, nitakishika kifungu hiki kwa meno na Uhandisi atacheka mpaka achoke. Ukiniambia unamaliza, nina nguvu ya kuamua lolote. Kwa hiyo nauliza tena, na hii ndiyo mara ya mwisho. Unamaliza lini?

Mdogo wako


Tawini
17 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Jibu ni fupi kwa sababu nina karatasi za kusahihisha mpaka kwenye kiti cha wageni.

Kabla ya mahafali ya Julai nitakuwa nimemaliza. Wifi yako ana wasiwasi na kofia tu, anasema kichwa changu hakijawahi kupata kofia inayokitosha na chuo hakitakuwa cha kwanza.

Nenda kafanye kazi waliyokupa. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukisimama kunijibu swali unaangalia kwanza uso wangu kama umepatia. Sasa wewe ni mtu mzima. Acha kuniangalia usoni.

Kaka yako


Makao Makuu ya Chuo
29 Machi

Kaka yangu,

Shikamoo. Imekwisha. Nakuandikia viatu nimevivua, miguu juu ya droo.

Seneti ilikaa tangu asubuhi. Ungekuwepo ungechoka kwa kicheko. Rangi ya ukanda wa majoho ya kitivo kipya ilibishaniwa mpaka chai ikapoa, mara kijani, mara samawati, Mkuu wa Sheria akasoma kanuni nzima. Tulipofika kwenye sera yangu watu walikuwa wanatazama saa. Ni mtu mmoja tu aliyenyoosha mkono, Mkuu wa Maktaba, yule mama mnyamavu. Akauliza, "Hawa wa muda mrefu, kuna aliyezungumza nao?" Makamu Mkuu akanigeukia: "Mwenye rasimu anasemaje kuhusu kufutwa kwa kifungu cha saba?"

Nikasimama. Nikasema, "Kamati haina pingamizi."

Basi. Hata kura haikupigwa. Makamu Mkuu akasema "kimefutwa", katibu akaandika, tukaenda kifungu cha nane. Cha tisa kikapita kwa makofi. Kaka, vijana zaidi ya arobaini wataenda kusoma! Yule msaidizi wangu wa fizikia alinisubiri nje ya ukumbi, akanishika mikono yote miwili.

Najua kuna watakaoumia. Mwambie Mama wa Mimea pole, mwambie nilijaribu. Mkataba wa mwaka mmoja si mbaya sana, unampa nafasi ya kujipanga. Nami nikiri, nisingeweza kusema maneno yale matatu kama ningejua wewe umo. Lakini haumo, na hilo limenipa usingizi.

Sasa mambo ya maana. Nimenunua kitambaa cha gauni la mahafali yako, rangi ya zambarau. Fundi ananiuliza mikono mifupi au mirefu. Muulize wifi yeye atavaaje, tusije tukafanana kama kwaya.

Mdogo wako


Makao Makuu ya Chuo
20 Mei

Kaka,

Shikamoo. Umenyamaza mpaka natia shaka kwamba barua zangu zimerudi zahanati. Simu unajua mwenyewe, unaitumia kuangalia saa. Najua mwisho wa kuandika huli wala husemi na mtu, basi nakuacha. Ila nitumie tarehe ya utetezi wa tasnifu, nataka nije nikae nyuma kabisa nikutishe.

Gauni liko tayari. Nilichagua mikono mirefu.

Mdogo wako


Zahanati ya Tawi
1 Juni

Wifi yangu,

Habari za huko. Mimi si mwandishi, kwangu kuandika ni joto la mgonjwa na saa ya dawa, kwa hiyo nivumilie nikienda moja kwa moja.

Hakuna tasnifu.

Alikuwa nayo. Aliiacha miaka kadhaa iliyopita, msimamizi wake alipohama, na yule mpya akamwambia abadili mada aanze upya. Akasema ataanza likizo. Likizo ile mwalimu wa takwimu akaondoka, masomo yake akapewa kaka yako. Yule wa aljebra naye akaondoka, ikawa vilevile. Kila anayeondoka hapa haletwi mwingine, na maombi ya kumleta mwingine yanakuja huko kwenu, wifi, mezani kwako, yanarudi yameandikwa "subirini bajeti". Siandiki kukusuta. Naandika ujue alikuwa anafundisha tangu asubuhi mpaka jioni, akija nyumbani anasahihisha, na ile tasnifu ikawa boksi chini ya kitanda. Usajili wake ulifutwa siku nyingi.

Barua yako ya mwanzo wa Machi, ile ya kumwuliza anamaliza lini, ilipokuja nilikuwa napiga pasi. Akaisoma, akaikunja. Nikamwuliza, "Utamwambia?" Akasema, "Nikimwambia, atalazimika kuchagua kati ya kazi yake na mimi. Mtoto yule nimemlea asichaguliwe njia na mtu yeyote, na asilazimishwe kuchagua." Nikamwambia, "Mwambie mwenzio ukweli, ni mtu mzima." Akaniomba kwa jina la ndoa yetu nisikuandikie. Nikamtii. Leo nimeacha kumtii.

Mwezi uliopita walikuja watu wawili wa Utumishi kutoka makao makuu. Waliwaita mmoja mmoja kwenye chumba cha mikutano. Mama wa Mimea aliingia kabla yake. Alipotoka alisimama mlangoni akamwuliza kaka yako, mbele ya watu, "Si ulisema anakula vizuri?" Hakumkasirikia. Aliuliza tu, kama mtu aliyepotea njia. Hapo kaka yako akaitwa ndani. Wakampa mkataba wa kuwa msaidizi wa kijana aliyemfundisha mwenyewe. Akawashukuru. Akawauliza kama wamekunywa chai.

Tangu siku hiyo anakwenda darasani, anarudi, anakaa. Chakula anakila kama dawa. Barua yako ya gauni imo mfukoni mwa shati lake, naiona ninapofua.

Njoo au usije, hilo ni lako. Lakini tafadhali usimwandikie tena habari za kitambaa.

Wifi yako


Makao Makuu ya Chuo
7 Juni

Kaka,

Sijui nianzeje. Shikamoo.

Wifi ameniandikia. Usimgombeze. Nimeisoma barua yake nimesimama, kisha nimekaa, kisha nimefunga mlango. Mbona ulinidanganya? Nilikuuliza mara mbili. Nilikwambia nitakishika kwa meno. Ningekishika, Kaka! Naapa ningekishika.

Nimekwenda kwa Makamu Mkuu bila miadi. Nikamwambia nataka kifungu kirudishwe. Akaniambia uamuzi wa Seneti haujadiliwi tena kabla mwaka haujapita. Nikamwambia sikuwa na taarifa kamili. Akanitazama kwa huruma, na afadhali angefoka. Akasema, "Ulikuwa mwenyekiti wa kamati. Ulisema hakuna pingamizi. Nani alikuwa na taarifa kukuzidi?"

Nilipofika mlangoni akaniita. Akasema kuna njia. Kwa mamlaka yake anaweza kutoa mkataba wa pekee, mtu mmoja, kimyakimya, kwa sababu za "uhitaji maalumu wa tawi". Cheo chako, ofisi yako, kila kitu kama zamani. Hakuna atakayetangaza. Kaka, nakuomba ukubali. Unasaini tu. Nitakuja mwenyewe kukuletea.

Kila nikifumba macho nasikia sauti yangu ukumbini. Jana nilimwona yule msaidizi wa fizikia akinunua begi la safari dukani, anaondoka wiki ijayo, akanipungia. Nikampungia. Nikaingia kwenye gari nikashindwa kuliwasha.

Niambie jambo moja. Ungekuwa wewe kwenye kiti kile, siku ile, ungefanyaje?

Mdogo wako


Tawini
30 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimeandika barua hii nikaichana, nikaandika tena. Hii ndiyo inayokuja kwako, hata ikiwa mbaya.

Nilikudanganya, na nilifanya hivyo nikijiona mwema. Nilidhani natoa kitu changu mwenyewe, cheo changu na kiti changu kinachovujiwa, na mtu ana haki ya kutoa kilicho chake. Sikuona kwamba kifungu kile hakikuwa changu. Ulikuwa unauliza juu yangu, nami nikajibu juu yangu, na kwenye jibu hilo nikamtoa Mama wa Mimea pamoja na wengine nisiowajua. Yeye nilikuwa namwona kila asubuhi. Nilikuwa namtania.

Nilimweleza yote. Sote wawili tumeikataa mikataba ya usaidizi, na siku hiyo tulikuwa tunafungasha ofisi. Alinisikiliza huku anakunja magazeti. Akasema, "Kwa hiyo ulimficha mdogo wako, ukanificha na mimi." Nikasema ndiyo. Akasema, "Nipe ule mkasi." Nikampa. Majani yake aliyoyakausha miaka yote hakuruhusiwa kuyachukua. Mtu wa Utumishi alisema ni mali ya chuo. Makabati yamefungwa, na hakuna aliyeulizwa nani atayatunza. Bustani yake ya mafunzo nyuma ya maabara imeanza kukauka. Nimeimwagilia mara mbili tatu, lakini sijui ipi inataka maji na ipi inayaogopa.

Mkataba wa pekee siutaki. Usije nao. Nitapitaje kwenye korido ile na ufunguo wa ofisi ambayo jina la mwenzangu limebanduliwa mlangoni?

Kazi nimepata, usihofu juu ya hilo. Ni shule ya sekondari huko milimani, hawajawa na mwalimu wa hesabu tangu mwaka juzi. Wifi yako hataweza kuja mpaka apate uhamisho, na wamemwambia asitarajie mapema. Ameninunulia blanketi zito. Tumezeeka pamoja, sasa tunajifunza kuagana stendi kama wachumba.

Darasa la mwisho lilikuwa la mwaka wa kwanza. Sikuwaambia kitu. Yule binti mbishi akanyoosha mkono akasema hatua yangu ya tatu si sahihi. Nikaiangalia. Alikuwa amepatia. Nikafuta, nikampa chaki aendelee yeye, mimi nikaenda kukaa nyuma kwenye benchi. Aliposhuka aliniuliza wiki ijayo tutaanza mada gani, nikamwambia ajiandae kwa mfuatano wa namba. Kwa hiyo hata yeye nimemdanganya.

Uliniuliza ningefanyaje kwenye kiti kile. Nimelifikiria kwa haki, bila hasira. Huenda hata mimi ningekifuta. Vijana arobaini si jambo dogo. Lakini alipokwambia "kumi na wanne", ningemwuliza ni akina nani. Ningetaka aniambie wanafundisha nini na wapi, mmoja baada ya mwingine, kisha ndipo nisimame niseme sina pingamizi.

Ulitaka kuja. Usije likizo hii. Ningesema sikukasirika ningekuwa naongeza uongo juu ya uongo. Nimekukasirikia, nimejikasirikia, na vyote vimechanganyika sijui kipi cha nani. Nipe muda. Nakupenda vilevile.

Kaka yako


Makao Makuu ya Chuo
22 Septemba

Kaka yangu,

Shikamoo. Hujajibu barua zangu mbili, nami sikudai. Wifi ameniambia umefika salama, baridi ni kali, na wanafunzi wako wanasimama ukiingia. Nakuandikia hii usije ukasikia kwa mtu mwingine.

Nimepeleka hoja ya kukirudisha kifungu cha saba mwaka ukitimia. Uhandisi ameniambia kwamba huruma si sera, na safari hii hakucheka. Nimehesabu kura, nadhani tutashindwa. Nitasimama hata hivyo. Huko tawini wanafunzi uliowaacha wanafundishwa hesabu kwa skrini kutoka hapa makao makuu. Mtu wa mitambo ananiambia kuna binti anayeandika maswali mengi kuliko wote, na mfumo haupokei maswali.

Baada ya barua yako nilikwenda Utumishi nikaomba nijue ni akina nani. Nilidhani watanikatalia. Yule bwana alishangaa tu, akasema, "Mbona hukuuliza zamani?" Nimewaandikia wote. Watatu wamejibu, mmoja kanijibu matusi, nayo nimeyasoma yote. Mama wa Mimea hakujibu, kwa hiyo Jumamosi nilikwenda.

Anakaa kwa kaka yake, nyumba ya pembeni yenye geti la bati. Nilibisha, akafungua mwenyewe. Ni mfupi kuliko nilivyomwaza. Nikamwambia mimi ni nani. Akasema, "Najua. Mnafanana pua." Akabaki amesimama kwenye uwazi wa geti, hakunikaribisha.

Akaniuliza, "Umetumwa na chuo?"

"Hapana."

"Umetumwa na kaka yako?"

"Hajui kama nimekuja."

"Basi umekuja kuomba msamaha ili ulale."

Nikamwambia nimekuja kwa sababu nilimfuta bila kumjua. Kisha akaniuliza kama najua alikuwa anafundisha nini. Nikasema mimea. Akasema, "Mimea ipi?"

Sikujua, Kaka. Nimekuwa Mkuu wa Kitivo cha Sayansi, nimesaini mitaala ile kila mwaka, na sikujua. Nikamwambia sijui.

Nilifikiri atafunga geti. Akageuka, akaingia ndani akaliacha wazi, na baadaye nikasikia anasema, "Kuna kigoda hapo, usiyakanyage yale." Ameanza kukausha tena, juu ya meza ya chakula ya kaka yake, kati ya magazeti. Akachukua jani la kwanza, dogo, lina manyoya kwa chini, akanieleza linaota wapi na kwa nini halioti kwingine. Akachukua la pili. Hakuwa ananifundisha, wala sidhani alikuwa anazungumza na mimi. Alikuwa anafundisha tu. Wifi yake alipita na ndoo akatutazama. Akafika kwenye majani yaliyobaki chuoni, yale ya makabatini, akawa anayataja bila kuwa nayo mkononi, anaonyesha ukubwa wake kwa vidole.

Nilikaa mpaka akamaliza.

Mdogo wako